Sufuria Aliyoiacha Mwajuma Siku ya Idi

Nyie vijana mnaoanza kazi ya kupikia shughuli, kila mkinifuata huku Chanika mnaniuliza mambo yale yale: maji ya pilau yanapimwaje, nyama ichemke kiasi gani, mchele gani haushikani. Nitawaambia, sina choyo. Ila leo nitawaambia na jambo msiloniuliza, maana wengi wenu, wenzi wenu wako nyumbani wazima na hamna sababu ya kulifikiria. Nataka niwaambie namna nilivyofiwa na mke wangu asubuhi ya Idi, na namna nilivyorudi kuipika Idi.

Jina langu Kibwana, lakini Temeke waliniita Fundi tu. Mwenye harusi akishaambiwa "Fundi ndiye anapika", alikuwa analala usingizi wake. Najisifu, ndiyo. Mtu aliyepikia watu ujana wake wote na hakuna aliyeumwa tumbo ana haki ya kujisifu kidogo.

Kazi nilifundishwa na Mzee Salehe, mpishi wa Tandika, mtu mfupi, mkali, sauti yake inasikika mtaa wa pili. Hakuwa na saa wala hakufunua mfuniko ovyo. Alikuwa anainamisha sikio karibu na sufuria, anasikiliza. Mchele ukiwa bado na maji, sufuria inaguna. Maji yakikauka, inachakarisha kama mtu anayetembea juu ya changarawe. Hapo ndipo unaondoa kuni chini, unachukua makaa, unayapanga juu ya mfuniko, wali umalizike kuiva kwa moto wa juu. Huko ndiko kupalia. Siku ya kwanza aliponiachia nisikilize mwenyewe, nilisogeza kichwa mno nikaunguza nywele za pembeni. Mzee Salehe alicheka mpaka akakaa chini.

"Haya, umepigwa muhuri," akasema. "Sasa we mpishi."

Siku hizi mna majiko ya gesi, mna aproni nyeupe zimeandikwa jina la kampuni, na chakula kinapigwa picha kabla hakijaliwa. Sina ugomvi na hayo. Gesi haina moshi, na migongo yenu itafika uzeeni ikiwa imenyooka. Lakini sikilizeni sufuria. Wengi mnafunua mfuniko kila dakika kama mtu anayesubiri meseji.

Mwajuma nilimpata kazini. Ilikuwa harusi huko Mtoni, yeye alikuja na kina mama wa kumenya vitunguu. Mara namwona kasimama mbele ya karai langu la mafuta, mikono kiunoni.

"Kaka, hivyo vitunguu unavikaanga au unavichoma?"

"Dada, kamenye."

"Nimeshamaliza kumenya. Nimekuja kuviokoa."

Akaninyang'anya upawa mkononi. Kuanzia siku ile mpaka anaondoka duniani, mie sikukaanga kitunguu tena. Vitunguu vilikuwa vyake, moto ulikuwa wangu. Anayeijua pilau anajua rangi yake inatoka kwenye kitunguu. Ukikitoa mapema, pilau inakuwa nyeupe kama chakula cha mgonjwa. Ukichelewa kidogo tu, inakuwa nyeusi na chungu. Hapo katikati pana nafasi ndogo sana, na Mwajuma alikuwa anaijua hata akiwa anapiga soga na mtu mwingine, kageuza uso. Watu waliniita mie Fundi, lakini nusu ya ufundi ilikuwa mikononi mwake. Nalisema hili kwa fahari. Sikuoa mtu wa kunisindikiza, nilioa fundi mwenzangu.

Tukawa tunakwenda pamoja kila penye shughuli: harusi, maulidi, arobaini, hata kipaimara cha majirani zetu Wakristo. Mungu akatupa mtoto mmoja, Zuhura, aliyekua akichezea nyuma ya masufuria yetu. Lakini siku ya Idi hatukuchukua kazi ya mtu. Hiyo ilikuwa sheria ya Mwajuma.

"Mwaka mzima tunawapikia watu," alikuwa anasema. "Idi tunajipikia wenyewe."

Na huko kujipikia kwenyewe kulikuwa kwa sufuria kubwa ya kazi, kwa sababu alikuwa anaalika mtaa mzima.

Idi hiyo ninayoisema, ya kumaliza mfungo, tuliamka alfajiri tukawasha moto uani. Mwajuma akakaanga vitunguu vyake, akatia viungo, akatia nyama, supu ikaanza kuchemka. Jirani yetu Mama Edna, mwanamke wa Kihaya tuliyekaa naye ukuta kwa ukuta, alikuwa ameshafika na kisu chake mwenyewe, anakata kachumbari. Yeye Mkristo, lakini hakuna Idi iliyowahi kumpita. Mwajuma akafuta mikono kwenye kanga.

"Nakuachia sufuria," akaniambia. "Naenda kuoga nivae. Usiniharibie."

"Nimewahi kukuharibia?"

"Ndiyo," akasema, akaingia ndani.

Ndilo neno la mwisho alilonipa, na mpaka leo likinijia nacheka.

Baada ya muda Mama Edna aliingia kuchukua bakuli, nikasikia anaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Baba Zuhura! Njoo! Njoo ndani!" Nilimkuta Mwajuma sakafuni, ubavu wa kitanda, dera lake jipya la Idi liko mkononi hajalivaa. Jirani mwenye gari alitukimbiza hospitali, binti yetu Zuhura, aliyekuja kwa Idi kutoka kwa mumewe, kampakata mama yake kichwa. Hatukukaa sana pale. Daktari mmoja kijana alitoka, akanishika bega, akasema, "Mzee wangu, mama ametutoka." Presha, walisema. Mshipa wa kichwani.

Tulirudi naye kwa gari lile lile. Njia nzima watu wanatoka kuswali, kanzu zimenyooshwa, watoto wamevaa kila rangi iliyoumbwa. Wanatupungia mikono, "Idi mubaraka!" Hawajui tumembeba nani. Zuhura alikuwa anawaitikia. Nilimsikia, anaitikia huku machozi yanamtiririka, "Na kwenu pia, na kwenu pia," kwa sababu ndivyo mama yake alivyomlea.

Nyumbani tulikuta Mama Edna kaondoa kuni chini ya sufuria na kaifunika vizuri. Hakuna aliyemwagiza. Kina mama wakaingia ndani kumwosha marehemu. Athumani, kaka yake Mwajuma, akatandika mikeka nje na kunikalisha. Watu wakaanza kuja na nguo zao za sikukuu, wanatoa pole. Mie nimekaa, lakini macho yanakwenda uani. Mwisho nikainuka.

"Shemeji, wapi tena?" Athumani akauliza.

"Kutia mchele."

Athumani akanifuata mpaka uani, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mfiwa hapiki. Majirani watapika. Hiyo sufuria iepuliwe, imwagwe, tuanze upya ya msiba."

"Imwagwe?"

"Watu watasema, shemeji. Watasema mkewe yuko ndani hajazikwa, mwenyewe anapika pilau ya Idi."

Nyie vijana, mimi si mtu wa ugomvi. Lakini pale nilisimama kati yake na sufuria.

"Athumani, vitunguu vilivyomo humu kavikaanga dada yako leo asubuhi. Havitakaangwa vingine. Ukivimwaga, nenda wewe ukamwambie yeye, mie siwezi."

Alinitazama. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za kijivu, na midomo ilikuwa inamcheza kama mtoto. Kisha akavua kofia yake ya Idi, akaiweka juu ya ukuta, akakunja mikono ya kanzu.

"Kuni ziko wapi?" akauliza.

Tukawasha moto mie na yeye. Nikatia mchele, nikasikiliza, na sufuria ilipobadilisha sauti nikaipalia kwa makaa machache, kiasi cha kungoja bila kuungua. Mtaona faida ya kupalia hapo: chakula kinakusubiri. Baada ya alasiri tukaenda kumzika Mwajuma, na sufuria yake nikamwachia Mama Edna ailinde.

Tuliporudi kutoka makaburini, nikafunua. Sijawahi kupika pilau kama ile, na sitapika. Kila punje ilikuwa peke yake, rangi ya mbegu ya ukwaju. Watu walikula mkekani. Hakuna aliyesema niliyoambiwa yatasemwa. Mzee mmoja wa mtaani aliniita akaninong'oneza, "Kibwana, umemzika vizuri mara mbili."

Kumbe watoto hawakuwa na habari. Siku ya Idi watoto wa mtaa wanapita nyumba kwa nyumba, na kwetu ndipo walipokuwa wanapapenda. Likaja kundi zima, magauni ya kumetameta, miwani ya jua ya plastiki. Zuhura akaja kwangu mbio.

"Baba, niwaambie warudi?"

"Mama yako alikuwa anawapa nini?"

"Pilau kwanza, halafu pipi."

"Basi wape pilau kwanza, halafu pipi."

Kabinti kamoja kakauliza, "Bi Mwajuma yuko wapi? Tunataka kumwonyesha nguo." Watu wakatazama chini. Nikaona nikidanganya hapa nitakuwa nadanganya mpaka nife.

"Bi Mwajuma amefariki leo asubuhi, mama. Ila chakula hiki kakipika yeye."

Kakafikiri. Kakakaa mkekani na gauni lake, kakala, kakamaliza sahani.

Siku ile naionea fahari. Nimepikia watu wakubwa, nimesifiwa kwenye vipaza sauti, lakini mkiniuliza kazi yangu bora ni ipi, ni ile.

Msidhani basi nilikuwa jasiri. Ujasiri ulikuwa wa siku ile tu. Baadaye nilirudi kazini, na kazi yenyewe ikanikataa. Kwenye harusi moja Kinondoni nilijaribu kukaanga vitunguu mwenyewe. Nikakodolea macho karai, nikajiambia bado, bado, na ghafla vikawa makaa. Nikavitupa nikaanza upya, navyo vikatoka vyeupe. Bibi harusi wa watu alikula pilau ya mgonjwa siku ya harusi yake. Niliporudi nyumbani nilimwambia Zuhura kwamba naacha kazi.

Zuhura ni mwalimu, kaolewa Kinyerezi. Jumamosi yake akaja na kapu la vitunguu, akawasha moto, akaniambia, "Baba, kaa hapa. Usiangalie rangi. Mama alikuwa haangalii rangi, alikuwa anasikiliza harufu." Ndivyo alivyosema, anasikiliza harufu. Kitunguu kikiwa bado, harufu yake inauma puani. Kikikaribia, inakuwa tamu. Utamu ukianza tu kupungua, toa. Ukingoja ukione kimekuwa kahawia umeshachelewa, kwa sababu kitaendelea kuiva kwenye joto lake chenyewe hata ukikitoa.

"Umetoa mapema," ananiambia.

"Nilidhani..."

"Baba, usidhani. Nusa."

Mie Fundi wa Temeke, nafundishwa kukaanga kitunguu na mtoto niliyemfunga nepi! Nilifurahi kupita kiasi. Mwajuma alikuwa amemwachia binti yake ile nafasi ndogo ya katikati, na binti yake akaja kuniwekea mkononi. Nikarudi kazini.

Ila Idi niliikimbia. Idi ya kwanza bila yeye nilivunja sheria yake, nikachukua kazi Msasani, nyumba ya familia yenye uwezo, jiko la ndani lina vigae mpaka juu. Nilijiambia nikiwa na kazi sitakumbuka. Na kweli alfajiri ilikwenda vizuri. Halafu takbira zikaanza kusikika kutoka msikitini, na mikono ikaacha kufanya kazi. Nilisimama mbele ya jiko nalia kama mtoto, upawa mkononi.

Mama mzazi wa mwenye nyumba, bibi mmoja mtu mzima sana mwenye fimbo, akaingia kutafuta chai.

"Mpishi, vipi?"

"Moshi, bibi. Umeniingia machoni."

Akatazama jiko. Akanitazama mie.

"Moshi wa gesi?"

Yeye akavuta kiti akakaa. "Nani?" akauliza.

"Mke wangu. Idi iliyopita, siku yenyewe."

"Mume wangu alikufa kumi la mwisho la Ramadhani," akasema. "Siku ya Idi nyumba ilijaa watu, wote wanaongea habari za kanzu na keki, hakuna anayethubutu kulitaja jina lake. Wananiogopa, nami nawaogopa. Mwaka uliofuata nikasema hapana. Nimeamka asubuhi, tumekaa kwenye chai, nikasema: Mbaraka angekuwepo leo angelalamika maandazi madogo. Basi nyumba yote ikashusha pumzi. Walicheka, walilia, halafu wakala. Tangu hapo jina lake nalitaja mie, asubuhi, kabla ya yeyote." Akainuka na fimbo yake. "Lia ukimaliza uniangalizie wali, wageni wangu wanafika saa saba."

Nililia nikamaliza, na wali haukuungua.

Idi iliyofuata nilikaa nyumbani. Nilimwita Zuhura na mumewe na watoto wao, nikamwita Athumani, nikamwita Mama Edna. Nilikaanga vitunguu mwenyewe, Zuhura kasimama nyuma yangu kafunga mdomo kwa nguvu asinisaidie. Tulipokaa kwenye mkeka, kimya kile kikaja, kila mtu anatazama sahani yake. Nikasema, "Mwajuma angekuwepo, angesema Kibwana umechelewesha watu njaa." Athumani akasema, "Angesema na kachumbari ya Mama Edna ina pilipili ya kuua." Mama Edna akasema, "Alikuwa anaisema, na alikuwa anaimaliza." Hapo tukaanza. Tulimzungumza Mwajuma mpaka jioni. Wajukuu waliomjua kidogo wakamjua zaidi siku ile.

Kwa hiyo nawaambia nyie, maana mtapika kwenye sikukuu nyingi na yatawafika. Mkifiwa, msikubali jina la mtu wenu liwe kitu cha kunong'onwa. Mlitaje mapema. Machozi yakija yaacheni yaje, ila mkono usiache mwiko muda mrefu. Na mtu akikuambia kupika siku ya kwanza ni kumsahau aliyekufa, mwambie ajaribu yeye kukaanga vitunguu vya mtu aliyempenda, aone kama atasahau.

Sasa nimestaafu, niko Chanika, nina nyumba yangu na migomba nyuma. Sipikii shughuli tena, goti limekataa. Lakini Idi napika sufuria moja ya wastani, na sahani ya kwanza haiendi kwa mgeni wala kwa mjukuu. Inakwenda kwenye nyumba iliyofiwa mwaka ule. Naulizia mtaani kabla: nani kaondokewa? Naibeba mwenyewe.

Idi iliyopita nilikwenda kwa Yusufu, kijana anayechomelea mageti hapa barabarani. Mkewe alifariki katikati ya Ramadhani, na ndugu zake walikuwa wameshaondoka. Geti limefungwa, siku ya Idi, saa za watu kutembeleana. Nikagonga.

"Nani?"

"Mzee Kibwana."

Halafu kufuli likalia. Alikuwa amevaa nguo za kazi, za grisi.

"Shikamoo mzee. Idi mimi sifanyi mwaka huu. Samahani."

"Marahaba. Sikuja kukufanyisha Idi. Nimekuja kukaa, mguu unauma."

Akaniletea kiti. Nikakaa, sahani nimeiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeifunika kawa. Sikumwambia ale. Nikamuuliza, "Mkeo aliitwa nani?"

Alishtuka. "Rehema."

"Rehema angekuwepo leo angekuwa anafanya nini saa hizi?"

Nilidhani ataniambia nitoke. Akatazama geti lake mwenyewe. "Angekuwa ananigombeza," akasema. "Kwa hizi nguo." Akacheka kidogo, na kicheko kikamgeukia, akalia. Nikamwacha. Watu walipita nje wanasalimiana. Alipomaliza akajifuta kwa mkono wa shati, akachafua uso kwa grisi, akanawa bombani. Kisha akarudi, akafunua kawa bila kuniuliza, akala tonge la kwanza. La pili. La tatu akatafuna polepole, anafikiri.

"Mzee, hii nani kapika?"

"Mie."

"Nzuri," akasema. Halafu, kwa heshima zote: "Ila chumvi imezidi kidogo."

Wanangu, nimepikia harusi ambazo watu mpaka leo wanazisimulia. Hakuna sifa niliyopewa iliyonifurahisha kama ile lawama. Yule kijana tangu azike hakuwa na maoni juu ya kitu chochote duniani, na siku ile akawa nayo juu ya chumvi yangu. Nilimwacha anamalizia sahani, nikarudi nyumbani na goti langu, kifua mbele kama bwana harusi.

Na chumvi, ili mjue, ilikuwa sawasawa.